Kutyuni kabureta ya pikipiki kwa daino: mwongozo kamili kwa mafundi wa Uganda

Kabureta iliyopangwa vizuri kwa usawa wa bahari ikiletwa Kampala itamwaga mafuta mengi kuliko hewa inayoyasubiri. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na kwa hesabu za anga la kawaida hewa yake ina takriban asilimia 89 tu ya uzito wa hewa ya pwani. Panda Kabale, karibu mita 2,000, ni kama asilimia 82. Shuka Pakwach kando ya Nile unarudi karibu asilimia 94. Nchi ni moja, pikipiki ni ileile, lakini jeti inayofaa, yaani kipande chenye tundu linalopima mafuta ya kabureta, si moja.

Mafundi wengi wa Katwe, Ndeeba na Bombo wana sikio zuri. Wanasikia injini ikikohoa, wanaona rangi ya plagi, wanajua la kufanya. Sikio hilo nalithamini sana, ila lina mpaka: halitofautishi ongezeko la asilimia 3 na hamu ya mwenye pikipiki ya kutaka kuamini kuwa imeongezeka. Daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini, inatofautisha. Mwongozo huu ni kwa injini za stroki nne zenye kabureta, iwe bodaboda ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 au pikipiki ya mashindano ya Busiika na Garuga. Stroki mbili nitazigusia mahali pake.

Daino inapima nini

Daino rahisi ni rola nzito ya chuma. Tairi la nyuma linaizungusha, kompyuta inapima rola inavyoongeza mwendo, na kwa kuwa uzito na kipenyo chake vinajulikana, nguvu inapatikana kwa hesabu. Aina ya pili ina breki ya sumaku inayoweza kuishika injini kwenye mzunguko mmoja, tuseme 5,000 kwa dakika, kwa muda unaoutaka. Ya kwanza ni rahisi na inatosha kwa kazi nyingi. Ya pili ni bora unapofanyia kazi mkono wa mafuta ulio nusu, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wanaotaka kujitengenezea, hesabu iko hivi. Rola ya chuma iliyojaa, isiyo na tundu ndani, inamlemea dereva kama mzigo wenye nusu ya uzito wake. Rola ya kipenyo cha sentimita 40 na upana wa sentimita 20 ina karibu kilo 200, kwa hiyo pikipiki inaihisi kama mzigo wa kilo 100. Pikipiki inayotoa kilowati 7 kwenye tairi itaipeleka kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa kwa sekunde mbili na nusu hivi. Muda huo ni mfupi mno: mafuta hayajatulia, sensa haijasoma vizuri, na mvuto, yaani kuongeza mwendo mara moja mafuta yakiwa wazi, umekwisha. Pikipiki ya kilo 110 na dereva wa kilo 70 ni kilo 180, basi rola ya kilo 360 ndiyo inayofanana na barabara. Rola nyepesi usijengee injini ndogo.

Kuna jambo la usalama ambalo silikubalii mzaha. Rola ya kilo 360 inayozunguka haisimami ukizima injini. Ikatwe kwenye mashine ya kukerezea, isawazishwe uzito, ikae kwenye beringi zilizopimwa kwa mzigo huo, na ifunikwe kwa kizuizi cha chuma. Weka na breki ya kuisimamisha. Anayechomelea ngoma ya mafuta na kuijaza zege anajitengenezea bomu.

Toki, yaani msukumo wa kuzungusha, na nguvu vinaunganishwa hivi: kilowati ni toki ya Nm mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Kumbuka pia kuwa daino ya tairini inapima kilichobaki baada ya gia, cheni na tairi kuchukua chao. Ukiona namba ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, usiudhike. Kazi yako ni kulinganisha pikipiki hiyo na yenyewe, kabla na baada ya badiliko.

Mtego wa mgandamizo wa hewa

Programu ya daino itakuomba joto la hewa, unyevu na mgandamizo, kisha irekebishe matokeo kana kwamba pikipiki ilipimwa kwenye hali sanifu. Hapa wengi wanateleza. Programu za hali ya hewa kwenye simu, na taarifa za uwanja wa ndege wa Entebbe, hutoa mgandamizo uliorekebishwa kuwa wa usawa wa bahari, namba kama 1,015. Mgandamizo halisi unaoingia kwenye kabureta Kampala ni karibu hektopaskali 880. Ukiingiza 1,015, marekebisho yote ni bure. Tumia baromita iliyomo ndani ya gereji. Baadhi ya simu zina sensa hiyo, na kuna programu zinazoisoma bila kuirekebisha.

Kwa mwinuko wetu marekebisho ya kawaida yanaongeza nguvu kwa zaidi ya asilimia 15, na viwango hivyo havikuandikwa kwa pengo kubwa namna hiyo. Kwa hiyo mimi hushikilia njia moja: mteja apewe grafu isiyorekebishwa pamoja na ile iliyorekebishwa, na kulinganisha mivuto kufanywe siku ileile. Nguvu iliyopo Kampala ndiyo atakayoendea Kampala.

Kabla ya kugusa kabureta

Robo tatu ya pikipiki zinazosemwa zina "kabureta mbaya" zina tatizo jingine, au ndivyo ninavyoziendea hadi nithibitishe vingine. Anza na nafasi za valvu injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu chake. Pima kompresheni mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa. Angalia plagi, kofia yake na waya. Hakikisha kiungo cha mpira kati ya kabureta na kichwa cha injini haina ufa: nyunyizia maji kidogo pembeni mwake injini ikiunguruma, na mlio ukibadilika kuna hewa inayoingia kwa wizi.

Chujio cha hewa lisafishwe au libadilishwe kwanza. Vumbi jekundu la barabara za marramu linaziba chujio kiasi kwamba ukityuni na chujio chafu, siku mwenye pikipiki akiweka jipya mchanganyiko utakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi na mafuta machache, na injini itachemka. Vivyo hivyo na kifuniko cha sanduku la chujio: pima kikiwa kimefungwa, kama kitakavyokuwa barabarani.

Mwaga petroli yote ya zamani. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inashusha oktani na kufanya injini igonge, na maji huingia tangini wakati wa mvua. Nunua petroli ya kutosha kazi nzima kutoka pampu moja, uitumie hiyohiyo toka mvuto wa kwanza hadi wa mwisho. Usikubali petroli ya ndege iliyo na risasi hata kama mwanamashindano ameileta kwa nia njema, maana risasi inaua sensa ya oksijeni.

Cheni isilegee wala isikaze, na tairi la nyuma lijazwe upepo kwa kipimo ulichokiandika. Tairi likipungua upepo linakula nguvu, nawe utadhani ni jeti.

Kabureta mezani

Fungua, safisha, pima. Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Waya wa chuma usipite hapo. Najua waya ndio mazoea ya gereji nyingi, lakini jeti ni shaba laini, na tundu likipanuka kwa sehemu mbili tu za mia za milimita namba iliyochapwa juu yake imekuwa uongo. Hali kadhalika na jeti zilizotobolewa kwa kekee au kujazwa risasi ya kulehemu: zitupe. Huwezi kutyuni kwa vipimo ikiwa hujui ukubwa wa tundu unaloanza nalo.

Ukienda soko la vipuri la Kisekka kununua jeti, chukua seti ya kampuni moja. Baadhi ya watengenezaji huhesabu jeti kwa kipenyo, 100 ikiwa milimita 1.00, na wengine kwa kiasi cha mafuta kinachopita. Jeti 110 ya huyu si 110 ya yule.

Kimo cha floti kipimwe kwa rula ya vernia na kirekebishwe kufuata kitabu. Floti inaweka kina cha mafuta kwenye bakuli, na kina hicho kinagusa kila tundu la kabureta kwa wakati mmoja. Ukianza na jeti kabla ya floti, utabadilisha jeti tatu kutafuta kosa moja. Angalia pia ncha ya sindano ya floti: ikiwa na mfereji wa kuchakaa, ibadilishe.

Sasa uijue kabureta kwa mkono wa mafuta. Tangu kufunga hadi robo, jeti ndogo na skrubu yake ndizo zinazotawala, mkato wa slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta, ukiingilia katikati. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano na tundu lake. Kutoka robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Bandika utepe mweupe kwenye mshiko na kwenye kasha lake, kisha chora alama za moja ya nane, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Bila alama hizo utabishana na dereva mchana kutwa.

Kuifunga pikipiki kwenye daino

Gurudumu la mbele likae kwenye kibano. Mikanda ya nyuma ivute chini kwa nguvu inayolingana pande zote, na usiikaze kupita kiasi, kwa sababu tairi lililobanwa mno kwenye rola linachemka na kuiba nguvu. Weka alama kwenye mkanda ili kila mara urudi palepale.

Feni kubwa ielekee kwenye silinda. Isipulize moja kwa moja kwenye mdomo wa chujio au mirija ya pumzi ya bakuli. Hapo inabadilisha mgandamizo juu ya mafuta na usomaji unayumba bila sababu ya kuonekana. Moshi utolewe nje kwa bomba pana, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu na gereji yenye milango miwili haitoshi. Kizima moto kiwe mkono mmoja tu kutoka kwako.

Sensa ya oksijeni ya masafa mapana ichomekwe kwenye tundu lililochomelewa kwenye bomba la eksozi, karibu na injini kadiri nafasi inavyoruhusu, ikiinama ili maji yasiikalie. Kuichomeka mwisho wa silensa inafaa kwa dharura, lakini mkono wa mafuta ukiwa mdogo hewa ya nje inarudi ndani na kukuonyesha wepesi usiokuwepo. Kwa stroki mbili usiitegemee: oili inaichafua, na hewa mbichi inayopita moja kwa moja hadi kwenye eksozi inaidanganya. Huko soma plagi, kichwa cha pistoni na grafu ya nguvu.

Mvuto wa msingi

Pasha injini hadi oili iwe moto kweli, kama dakika kumi chini ya mzigo mwepesi. Chagua gia moja, kwa gia tano kwa kawaida ya nne, na usiibadilishe hadi kazi iishe. Vuta mara tatu, kila mvuto ukianza kwenye mzunguko uleule, mkono wa mafuta ukifunguliwa wote kwa mara moja, huku ukipumzisha injini kwa muda ulio sawa katikati.

Weka grafu tatu juu ya nyingine. Tofauti kati yake ndiyo kiwango cha shaka yako. Zikitofautiana kwa asilimia 3, hakuna jeti itakayokuonyesha faida ya asilimia 2, na hapo rudi kwenye mikanda, joto na klachi inayoteleza kabla ya kuendelea. Hatua hii inachosha, na wengi wanairuka. Ndiyo inayomtenga fundi anayepima na anayebahatisha.

Jeti kubwa kwanza

Anza na jeti kubwa kwa sababu ina athari kwenye usalama wa injini, na kwa sababu ndiyo rahisi kuona kwenye grafu. Ingia ukiwa na jeti iliyozidi kidogo, kisha shuka saizi moja moja. Injini yenye mafuta mengi inapoteza nguvu taratibu bila kuumia. Injini yenye mafuta machache inatoboa pistoni.

Kwa makadirio ya kuanzia, kipenyo cha jeti iliyopangwa kwa usawa wa bahari kipungue karibu asilimia 3 kwa Kampala na karibu 5 kwa Kabale. Jeti ya 110 inakuwa kama 107 au 105. Kabureta za utupu, zile ambazo slaidi inainuliwa na ngozi ya mpira, hujirekebisha zenyewe kiasi, kwa hiyo usizipunguze haraka.

Tazama vitu viwili pamoja, nguvu na uwiano wa hewa kwa petroli. Petroli huungua kikamilifu kwenye 14.7 kwa 1, lakini nguvu kubwa kabisa hupatikana karibu 12.5 hadi 13.2. Shuka saizi hadi nguvu isipande tena, halafu rudi saizi moja juu. Kwa injini inayopozwa na upepo, inayobeba abiria wawili na gunia la matoke kupanda Kabalagala saa saba mchana, hiyo saizi moja ya kurudi haina mjadala. Kwa shindano la dakika chache unaweza kukaa karibu zaidi na makali, kwa ridhaa ya mwenye injini.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukigusa jeti na klipu inayoshika sindano pamoja, hujui ni nani wa kushukuru.

Sindano

Hapa ndipo bodaboda inaishi, kwa sababu mjini mkono wa mafuta hukaa robo hadi nusu siku nzima. Sehemu hii ndiyo inayoamua lita ngapi dereva ananunua kwa siku, na inashangaza jinsi inavyopuuzwa kwa ajili ya namba ya nguvu ya juu.

Kwenye daino ya breki, shikilia mzunguko mmoja na fungua mafuta hadi alama ya nusu, soma uwiano ukitulia, kisha urudie kwenye mizunguko mingine miwili au mitatu. Kwenye daino ya rola, tengeneza kizuizi kwenye mshiko ili usivuke nusu, halafu vuta kama kawaida. Lenga kati ya 13 na 14.

Klipu huhesabiwa kutoka juu. Ukiipandisha klipu kuelekea juu ya sindano, sindano inashuka na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ukiishusha, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Kama klipu iko mwisho kabisa upande mmoja na bado haitoshi, sindano au tundu lake vimechakaa. Tundu lililochakaa huwa na umbo la yai, na hakuna klipu inayolitibu. Kabureta ya utupu isiyo na mifereji ya klipu inaweza kuinuliwa sindano kwa washa nyembamba.

Jeti ndogo na skrubu

Kwanza ujue skrubu yako ni ya nini. Ikiwa upande wa chujio, inapima hewa: kuikaza kunaongeza uzito wa mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: kuifungua ndiko kunakoongeza. Fundi akichanganya hizi mbili atazunguka kutwa nzima akienda kinyume.

Injini ikiwa moto, fungua mizunguko mmoja na nusu kutoka kwenye kukaza kwa ulaini, halafu zungusha robo robo hadi mlio ufike juu kabisa. Teremsha mlio kwa skrubu ya slaidi, rudia. Pahali pazuri pakiwa chini ya mzunguko mmoja au zaidi ya mitatu, jeti ndogo si yake. Kwenye skrubu ya mafuta, kuhitaji kuifungua mno kunamaanisha jeti ni ndogo. Kwenye skrubu ya hewa ni kinyume.

Kisha fungua mafuta kwa ghafla kutoka chini. Ikikwama kama inayotaka kuzima, mara nyingi ni nyepesi. Ikibubujika na kutoa moshi mweusi, ni nzito. Mkato wa slaidi unahusika hapa pia, lakini slaidi za mikato tofauti ni adimu madukani na bei yake haina huruma. Maliza jeti ndogo na klipu kabla hujazitafuta. Ukimaliza, rudi uvute tena na mafuta yote, maana mabadiliko ya chini huweza kusogeza kidogo ya juu.

Grafu zinapodanganya

Uwiano ukianza vizuri kisha ukawa mwepesi zaidi kadiri mizunguko inavyopanda, usikimbilie jeti kubwa. Bakuli linaweza kuwa linaisha mafuta. Fungua kifuniko cha tangi na uvute tena: ikipona, tundu la pumzi kwenye kifuniko limeziba. Halafu angalia koki na chujio lake.

Plagi ikikosa kuwasha, oksijeni isiyoungua inafika kwenye sensa na inasomeka kama wepesi, ilhali chumba kimejaa mafuta. Eksozi inayovuja kabla ya sensa nayo inasomeka vivyo hivyo. Nguvu ikipiga meno-meno juu huku uwiano ukiwa umetulia, tafuta kwenye moto wa plagi au kwenye springi za valvu.

Barabarani na mwinukoni

Daino haina upepo wa kweli wala mlima mrefu. Weka plagi mpya, panda kilima kirefu mkono wa mafuta ukiwa wazi wote, zima injini ukiwa juu huku umebana klachi, ukavute plagi hapohapo. Kaure ya plagi iliyo na kahawia hafifu ni njema. Nyeupe ya chokaa pamoja na punje ndogo za kung'aa ni onyo la kurudi jeti moja juu kabla hujarudi nyumbani.

Pikipiki inayotyuniwa Kampala kwa ajili ya kazi ya Kabale au Kapchorwa, ifungie jeti iliyo karibu na hesabu ya mwinuko huo na umpe mwenyewe jeti ya Kampala kwenye kimfuko, namba ikiwa imeandikwa. Inayokwenda Pakwach au Butiaba iwe kinyume: iende na jeti kubwa zaidi, kwa sababu kushuka mwinuko na jeti ndogo ndiko kunakochoma injini. Andika kwenye karatasi moja jeti zote, namba ya klipu, mizunguko ya skrubu, kimo cha floti, mgandamizo wa hewa na joto la siku hiyo. Nakala moja ibaki gereji, nyingine aikunje chini ya kiti.